Kidonda na unga wa rangi mbili

Mwezi uliopita niliahidi kwamba safari hii tutaongea kuhusu mitihani ya watoto. Naomba mnisamehe, hiyo itasubiri kidogo, maana kuna jambo limetokea darasani kwangu na nimeshindwa kulinyamazia.

Ni mtoto wa darasa la pili. Jina lake silitaji, na bibi yake amenikubalia nieleze habari hii kwa masharti hayo. Kwa siku kama nne hivi wenzake walikuwa hawataki kukaa naye dawati moja. Nikawakemea, nikidhani ni ule utani wao wa kila siku. Siku ya tano nikapita mwenyewe karibu yake, nikasikia harufu. Mguu wa kushoto, chini ya goti, ulikuwa umefungwa kipande cha kitenge, na kitenge chenyewe kimegandana na ngozi.

Jioni nikaenda kwao. Bibi akanipa kigoda, akaniambia, "Mwalimu mwanangu, usifikiri nimemtupa huyu mtoto. Kila siku namwekea dawa. Tena dawa ya duka, siyo majani." Akaingia ndani akaniletea kikaratasi chenye kapsuli mbili zilizobaki, zile tunazoita rangi mbili. Kumbe wiki tatu nyuma mtoto alimwagikiwa maji ya maharage yaliyokuwa yanachemka. Siku ya kwanza bibi alimpeleka kituo cha afya, akakuta foleni ndefu, jua likawachoma, wakarudi. Akauza mafuta kidogo ya mgao, akanunua kapsuli sokoni, akawa anafungua moja kila asubuhi na kumwaga unga wake juu ya kidonda.

Sikuweza kumlaumu. Mimi mwenyewe nilipokuwa na miaka tisa nilijikata na jembe kwenye mguu, na kaka yangu alinimwagia unga huo huo. Kovu ninalo mpaka leo, baya, limenyanyuka. Kwetu sote rangi mbili ni dawa ya kidonda, kama vile sabuni ni ya kufulia. Hakuna aliyetufundisha, tumekuta wakubwa wanafanya hivyo.

Kesho yake tukaenda wote watatu. Muuguzi hakukivuta kile kitenge kwa nguvu. Alikilowesha kwa maji ya chumvi yale ya hospitali, akasubiri, akalowesha tena, mpaka nikafikiri amesahau. Kilipotoka tukaona gamba la njano, gumu kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Ule ndio unga wa kapsuli, umechanganyika na usaha ukakauka. Alipoliinua pembeni kwa kibanio, usaha ukamwagika. Yaani wadudu walikuwa wanaishi raha mustarehe chini ya dawa iliyonunuliwa ili kuwaua.

Bibi akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo: "Sasa kama ni dawa ya kuua wadudu, mbona haijawaua?"

Muuguzi alimjibu vizuri. Kapsuli imepimwa ipite mdomoni, iyeyuke tumboni, iingie kwenye damu, na damu ndiyo iifikishe mahali penye ugonjwa. Ukiimwaga juu ya kidonda, sehemu moja inapata nyingi, sehemu nyingine hakuna kitu. Unga unanyonya maji ya kidonda, unaganda, unakuwa paa. Chini ya paa hilo kuna joto, kuna giza, kuna chakula. Wadudu wanaoguswa na dawa kidogo tu hawafi, bali wanaizoea. Wakishaizoea, siku mtoto akiugua kichomi na kupewa dawa hiyo hiyo, hao waliobaki wanaicheka. Ndio tunaita usugu wa dawa. Hesabu kubwa iliyochapishwa mwaka 2022 ilionyesha kuwa mwaka 2019 peke yake watu wapatao 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu moja kwa moja ya bakteria waliokuwa sugu, na eneo lililoumia kuliko yote kwa kulinganisha na idadi ya watu ni Afrika Magharibi. Siyo mambo ya Ulaya hayo.

Baada ya hapo nikawa najiuliza: sasa kidonda kinataka nini hasa? Nikasoma nilichoweza kukipata, na nikagundua kwamba hata madaktari wakubwa walihangaika sana na swali hili, tena wengine walikosea kama kaka yangu alivyokosea.

Mwaka 1865 katika mji wa Glasgow, huko Uskoti, mtoto wa miaka 11 aitwaye James alikanyagwa mguu na gurudumu la mkokoteni. Mfupa ukavunjika na kutoboa ngozi. Siku hizo mfupa ukitoka nje, mara nyingi mguu ulikatwa, maana ulikuwa unaoza na mgonjwa anakufa. Daktari Joseph Lister alikuwa amesikia kwamba mji mmoja uliweka asidi ya kaboliki kwenye maji machafu na harufu ikapungua. Akawaza, kama inazuia uozo kwenye mitaro, huenda itauzuia kwenye mguu. Akalowesha kitambaa kwa asidi hiyo, akafunga. Siku nne baadaye alifungua, hakuna usaha. Baada ya wiki sita mfupa ukawa umeunga.

Lakini kulikuwa na kasoro: ile asidi iliunguza ngozi yenyewe. Lister ikabidi aipunguze makali kwa maji na mafuta. Na kasoro hiyo ndiyo shida yote ya kazi hii mpaka leo. Kuua wadudu siyo kazi ngumu, hata moto unaua. Kazi ni kuwaua bila kuua ngozi changa inayoota.

Alexander Fleming, yule ambaye baadaye mwaka 1928 aligundua penisilini, alikuwa daktari wa jeshi Ufaransa wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Askari walikuwa wanamiminiwa dawa kali kwenye majeraha na bado yanaoza. Fleming akatengeneza kidonda cha bandia kwa chupa ya kioo, akaivuta ikawa na miiba yenye uwazi ndani, mfano wa jeraha la bomu lenye pembe pembe. Akaweka majimaji yenye bakteria, akamwaga, akajaza dawa, akaimwaga nayo. Bakteria wakabaki hai ndani ya ile miiba, dawa haikuwafikia. Tena akaonyesha kuwa dawa hizo zinaua chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wetu wenyewe wa mwilini, haraka kuliko zinavyoua bakteria. Mwaka 1945 alipopewa tuzo ya Nobel alionya mbele ya watu kwamba ukitumia penisilini kidogo isiyotosha utawafundisha bakteria kuistahimili. Miaka 80 imepita, na sisi bado tunafungua kapsuli.

Jambo lililonishangaza zaidi ni la mwaka 1962. Wote tunaamini kidonda lazima kikauke. "Acha kipigwe na upepo," ndivyo tunavyowaambia watoto. Mtafiti mmoja wa London, George Winter, alichukua nguruwe, maana ngozi ya nguruwe inafanana sana na ya mtu, akawatia vidonda vidogo vinavyolingana. Vingine akaviacha wazi vikauke na kufanya gaga, vingine akavifunika kwa plastiki nyembamba safi vikabaki na unyevu. Vilivyofunikwa vilipata ngozi mpya kwa haraka karibu mara mbili. Sababu yake ni kwamba ngozi mpya hutambaa kutoka pembeni kwenda katikati. Penye unyevu inateleza juu moja kwa moja. Pakikauka inabidi ichimbe njia chini ya gaga. Hapa naomba tuelewane: unyevu siyo uchafu, na siyo kuloweka. Ni ule unyevu wa kidonda chenyewe, chini ya kitu kisafi.

Tangu hapo watafiti wanatafuta kitu cha kufanya kazi zote kwa pamoja: kizuie wadudu, kitunze unyevu, kisiumize ngozi changa, na siku ya kukitoa kisiing'oe. Vingine wanavyojaribu ni vitu ambavyo bibi zetu wanavifahamu.

Asali ni kimojawapo. Wamisri wa kale waliiandika kwenye maandishi yao ya tiba miaka zaidi ya 3,500 iliyopita. Asali ina sukari nyingi na maji machache, kwa hiyo inamnyang'anya bakteria maji yake. Ina uchachu ambao wadudu wengi hawaupendi. Tena nyuki huweka ndani yake kimeng'enya fulani, na asali ikikutana na majimaji ya kidonda, kimeng'enya hicho kinaanza kutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Ni ile ile dawa inayotoa povu mkimwagiwa kituoni, ila hapa inatoka kwa kiasi kidogo sana, siyo kwa kumwagwa. Mwaka 2015 watafiti walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa nchi mbalimbali, wakaona kuwa kwa kuungua kusikoingia ndani sana, asali hupunguza muda wa kupona kwa siku nne au tano ukilinganisha na bandeji za kawaida. Kwa vidonda sugu vya miguu ya wazee haikuonyesha tofauti.

Najua mnachowaza. Hapana, siyo ile ya chupa ya sokoni. Asali ya hospitali imechujwa, na imepigwa mionzi ya gama kuua mbegu za bakteria zinazoweza kulala ndani ya asali muda mrefu. Kuichemsha hakusaidii, kwa sababu moto unaharibu kile kimeng'enya. Na ile ya sokoni wakati mwingine nusu yake ni sukari ya kuchemsha, muuzaji anajua na Mungu wake.

Tukisema sukari, kuna muuguzi mmoja, Moses Murandu, mzaliwa wa Zimbabwe. Alipokuwa mtoto kijijini, baba yake alikuwa akimwekea chumvi kwenye vidonda, na siku zenye neema anamwekea sukari. Mtoto akaona kwamba sukari inaponya upesi kuliko chumvi. Alipokuwa mkubwa akaenda kufanya kazi Uingereza, akashangaa kwamba huko hakuna mtu anayeijua. Hakukaa kimya, wala hakuanza kuwamwagia watu tu. Aliingia Chuo Kikuu cha Wolverhampton, akafanya utafiti kwa wagonjwa wa hospitali chini ya uangalizi, akapima, akaandika. Huyu mtu ninampenda sana. Alitoka na kitu cha baba yake, akakibeba mpaka nchi ya wageni, akakipitisha kwenye mtihani. (Kwa bei ya sukari ilivyo sasa, mimi binafsi ningeinywa kwenye chai.)

Madini ya fedha nayo yanatumika, yale yale ya pete na hereni. Mwaka 1968 daktari Charles Fox wa Marekani alitoa krimu nyeupe yenye fedha ndani yake, na mpaka leo inapakwa kwa walioungua sehemu nyingi za dunia. Inazuia bakteria, lakini majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba inachelewesha ngozi kuota ukilinganisha na bandeji za kisasa, na lazima ifutwe na kupakwa tena kila siku. Wazazi ambao watoto wao wameungua wanajua kufuta huko kuna kilio gani. Miaka ya 1990 huko Kanada, Robert Burrell alitengeneza bandeji iliyopakwa chembe za fedha ndogo mno, inayoweza kukaa siku kadhaa bila kufunguliwa. Ni nzuri, ila ni ghali, na fedha ikizidi inaumiza ngozi changa vilevile. Unaona, tatizo la Lister halijaondoka.

Iliyonifurahisha kuliko zote ni ya samaki. Katika mji wa Fortaleza, Brazili, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ceará walianza kutumia ngozi ya tilapia kwa watu walioungua. Tilapia huyo ndiye sato, samaki mwenye asili ya Afrika, bonde la mto Nile na baadhi ya maziwa yetu. Wabrazili walimchukua wakamfuga, wanakula nyama na kutupa ngozi. Kumbe ngozi hiyo ina kolajeni nyingi, ile protini inayoshikilia ngozi ya binadamu. Wanaiosha kwa dawa za kuua wadudu, wanaitia glisarini, wanaipiga mionzi, wanaipima ndipo wanaihifadhi. Majaribio kwa wagonjwa yalianza mwaka 2016. Ngozi ile inashika kwenye kidonda kama ngozi ya pili na inaachwa pale siku nyingi, kwa hiyo hakuna kufungua kila asubuhi, na maumivu yanapungua. Naomba tena, kwa heshima zote, mtu asije akambandika mtoto ngozi ya samaki wa sokoni. Kilichofanya ile iwe dawa ni hizo hatua zote za katikati. Bila hizo ni uozo juu ya uozo.

Sasa tuje kwetu, ambako bandeji ya fedha hatuna.

Mtoto akiungua, kitu cha kwanza ni maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Siyo dawa ya meno, siyo unga wa muhogo, siyo yai, siyo majivu wala mafuta ya kula. Vyote hivyo vinafungia joto ndani au vinaingiza uchafu, na muuguzi itabidi avikwangue. Barafu pia hapana. Dakika 20 ni nyingi, najua, hasa maji yanapotoka kwa saa. Kama bombani pana mstari wa madumu, mwenye mtoto aliyeungua apishwe, na sisi tulio kwenye mstari tusimuulize maswali. Kama bomba limefungwa, chota kwa kikombe kutoka kwenye dumu, mwagia polepole, endelea. Vua nguo na bangili mapema kabla hajavimba, ila nguo iliyogandana na ngozi iache. Mtoto mdogo mfunike mwili mwingine asipate baridi. Halafu funika palipoungua kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi, bila kukaza, uende kituoni. Malengelenge usiyapasue.

Mkwaruzo au mkato mdogo, osha mikono yako kwanza, hilo tunalisahau. Kisha osha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni, maji ya kunywa yanatosha. Kama una mashaka na maji, yachemshe yapoe. Spiriti na dawa kali usimimine ndani ya kidonda kila siku, mnakumbuka habari ya Fleming. Paka vaselini kidogo ya kopo jipya, siyo lile ambalo watoto watano wanachovya vidole, ili kitambaa kisishike. Funika. Kitambaa cha pamba cha zamani kinafaa sana kikichemshwa, kikaanikwa juani, kikatunzwa kwenye mfuko safi. Kikilowa au kuchafuka, badilisha. Kikishika, lowesha na kungoja, kama alivyofanya yule muuguzi. Kukivuta ni kuing'oa ngozi iliyojenga wiki nzima.

Na foleni? Hapa sina jibu zuri. Nenda hata kama ni ndefu ukiona palipoungua ni pakubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au ni usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungio au sehemu za siri, au ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haisikii maumivu. Nenda ukiona wekundu unasambaa, uvimbe, usaha, harufu au homa. Nenda kwa jeraha la msumari au la kuumwa na mnyama, hata likiwa dogo, maana kuna pepopunda na kichaa cha mbwa. Ukifika, usikae tu mwisho wa mstari. Mwambie yule anayepanga watu, "Mtoto wangu ameungua." Bibi yetu hakusema, aliona aibu, alidhani ataonekana anaruka foleni. Muuguzi alimwambia mbele yangu kwamba aliyeungua huwa anaangaliwa kwanza. Wiki tatu zile zote zilipotea kwa ajili ya sentensi moja.

Mtoto alisafishwa, akawekewa gozi yenye mafuta isiyoshika, juu yake gozi kavu, kisha bandeji. Akapewa dawa ya kunywa kwa siku zilizopimwa, na bibi akaambiwa aimalize yote hata kama mguu utaonekana umepona. Kila baada ya siku mbili anarudi. Mara ya nne nilikwenda naye mimi, bibi alikuwa kwenye mgao. Pembeni mwa kidonda kulikuwa na ukingo wa rangi ya waridi, mwembamba kama karatasi, umetambaa ndani kiasi cha upana wa kidole. Katikati bado. Muuguzi alisema kovu litabaki, na mguu afanye nao mazoezi ya kuukunja na kuunyoosha kila siku ngozi isije ikavuta goti.

Zile kapsuli mbili zilizobaki bibi alinikabidhi mimi, nikazipeleka kituoni. Mwenye zilizobaki nyumbani afanye hivyo hivyo, asimpe jirani.

Darasani amesharudi. Wale wale waliomkimbia sasa wanagombania kukaa naye, kwa sababu ya ile bandeji nyeupe. Mmoja amekuja kuniuliza kama na yeye anaweza kupata.

Mitihani ni mwezi ujao, Mungu akipenda.